Kompyuta ya Baba Haizimwi

Kila asubuhi mama na binti yake walifungua duka lao la kuchapa na kutoa nakala. Duka lenyewe lilikuwa sebule ya nyumba yao. Mama aliketi dirishani, akichapa barua za watu. Binti aliketi karibu na mlango, akiwajazia wateja maombi ya kazi kwenye mtandao. Siku kazi ikichanganya, hawakupata hata nafasi ya kujikuna.

Baba alikuwa amefariki miezi michache tu kabla. Chumba chake cha kazi, nyuma ya sebule, kilifungwa kwa ufunguo. Lakini mle ndani kompyuta yake iliendelea kuwaka. Ilivuma taratibu, mchana kutwa. Mwanga wa buluu ulipenya chini ya mlango. Wateja wageni walidhani yumo mtu. Mmoja hata alibisha hodi na kuamkia, "Shikamoo, mzee!" Akashangaa kuona haitikiwi.

Siku moja mama aliingia kufagia. Akaizima ile kompyuta. Papo hapo binti akapaza sauti sebuleni.

"Mama! Mtandao umekatika!"

Mama akaiwasha. Mtandao ukarudi. Siku nyingine akaizima tena. Mambo yakawa yale yale.

Tena kulikuwa na jambo la kutia baridi. Marehemu alipenda utani. Kila kompyuta aliipa jina: moja Mama, moja Binti, na yake Baba. Basi ilipozimwa, kioo cha kompyuta ya binti kiliandika: "Baba hapatikani." Ilipowashwa, jina la Baba lilijitokeza kwenye kioo, kama mtu anayechungulia.

Kisha umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta za sebuleni zilikaa kimya zikingoja kuwashwa. Nyuma ya mlango uliofungwa, ile ya tatu ilijiwasha yenyewe. Walisikia ikianza kuvuma.

"Umesikia?" mama akauliza. Hakuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomtisha binti.

Tangu hapo mama alishinda mle chumbani. Alipeleka chai, vikombe viwili. Alifunga mlango.

"Mama, wateja wanasubiri," binti aliita.

"Ngoja kidogo. Naongea na baba yako."

Binti alikuwa ameshamzika baba. Sasa aliona mama naye anachukuliwa, tena angali hai. Akatoka mbio kwa jirani yao, fundi wa mitandao. Mtaa mzima ulimwita Mama Waya.

Mama Waya hakucheka. Alimfuata binti hadi nyumbani, akaingia chumbani. Aliweka kiganja juu ya kompyuta, akakiondoa haraka.

"Dada, hii inaungua. Imejaa vumbi, na haipumziki. Itakuunguzia nyumba." Akashika waya mmoja kwa nyuma. "Huu unatoka wapi?"

"Nje, kwenye nguzo. Ndio ulioleta mtandao."

"Na hizi mbili?"

"Mmoja unakwenda kwangu, mmoja kwa binti."

"Basi sikiliza. Kompyuta zenu mbili hazina njia nyingine ya kutoka nje. Shemeji aliifanya hii yake iwe mlango. Mtandao unaingia hapa kwanza, halafu hii inawagawia nyinyi. Ukiizima, umefunga mlango. Wote mnakosa."

"Na kujiwasha je?" mama akauliza kwa ukali. "Nani anaiwasha?"

"Aliipanga hivyo mwenyewe. Umeme ukirudi, iwake, msikae bila kazi."

"Kwa hiyo si yeye?"

"Kazi ni yake, dada. Yeye hayupo."

Kesho yake Mama Waya alileta kisanduku kidogo kinachoitwa ruta. Kazi ya ruta ni hiyo moja: kupokea mtandao na kuugawa. Alichomeka humo waya wa nguzoni, kisha nyaya za kompyuta mbili za sebuleni. Sasa kila moja ilipata mtandao bila kupitia ile ya Baba. Aliwawekea nenosiri refu.

"Hili ni lenu wawili," alisema. "Mteja mwenye simu yake mpeni mtandao wa wageni, nimeutenga. Asije akaingia kwenye kazi za watu."

Picha na kazi za marehemu alizinakili pembeni, zisipotee. Kisha akasogea.

"Mimi siizimi. Utaizima wewe."

Mama alisimama mbele ya kompyuta kwa muda mrefu. Akabonyeza. Ule mvumo ukapungua, ukapungua tena, ukakoma. Mwanga wa buluu ukatoweka. Mama akatega sikio, akingoja binti apige kelele sebuleni. Kimya.

"Vipi huko?" aliuliza.

"Upo, mama. Mtandao upo."

"Haujakatika?"

"Haujakatika. Naendelea na kazi."

Mama akaketi kwenye kiti cha mumewe. "Kumbe amekwenda kweli," alisema. Akalia kwa sauti, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakikumtoka. Binti aliacha mteja, akaja akamkumbatia. Hakumwambia anyamaze.

Alipotosheka, mama alifungua dirisha la chumba. Akanawa uso, akarudi sebuleni, akamwuliza mtu wa kwanza kwenye foleni anataka kuandikiwa nini.