Jina Lililomkwama Sihem

Kila msimu wa maua ya midanzi, ile michungwa michungu, mjini Nabeul, Sihem aliamka mapema. Kazi yake ilikuwa kutandaza maua juu ya shuka uani na kutoa majani yaliyochanganyika nayo. Bibi yake aliyachemsha katika chungu cha shaba chenye bomba, na mvuke ukageuka maji ya manukato ya kutia kwenye keki na kahawa mwaka mzima.

Asubuhi moja Bibi alirudi sokoni na kikapu cha maua, akaingia stoo, akatoka mikono mitupu.

"Chungu kiko wapi?"

Sihem alijua. Jana yake jirani yao, Bi Tibra, alikuja kukiazima Bibi na mama wakiwa hawapo, naye Sihem akampa. Lakini Sihem alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na jina hilo lilianza kwa sauti iliyomtesa kuliko zote.

"A-alikiazima T-t-t..." Ulimi ukaganda.

"Sema basi, maua yananyauka," mama yake alisema kutoka jikoni. "Mbona unababaika? Umekivunja?"

Sihem akafanya kama alivyozoea neno likimkataa. Akachukua jingine jepesi.

"Wasila," akasema. Lilitoka bila shida yoyote.

Bi Wasila alikuwa mjane aliyekaa mwisho wa kichochoro, akipata riziki kwa kuchuma maua katika bustani za watu. Aliwahi kuazima chungu hicho mwaka uliopita. Sihem alijiambia kwamba Bi Tibra angekirudisha jioni na mambo yangeishia hapo. Hakujua kwamba Bi Tibra alikuwa ameitwa ghafla mji wa Kelibia, kwa binti yake aliyekuwa akijifungua, na nyumba yake ilikuwa imefungwa.

Bibi alikwenda kwa Wasila, akarudi amenuna.

"Anasema hajakiona."

"Shaba siku hizi ina wanunuzi wengi, mama," mama yake Sihem alisema kwa sauti ya chini.

Maneno hayo yakatoka nje ya ua. Wanawake wakawa wananyamaza Bi Wasila akipita. Milango iliyokuwa wazi ikafungwa. Mwenye bustani kubwa akamwambia asije kuchuma mpaka jambo lake lijulikane.

Bi Wasila alimsimamisha Sihem njiani. "Mwanangu, uliniona lini mimi na chungu chenu?"

Sihem alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Bi Wasila alimtazama kwa makini. "Wewe unajua jambo," akasema, akaenda zake.

Jumatano Sihem alikwenda kituo cha afya kwa Bi Olfa, mtaalamu wa usemi. Alimweleza yote. Ilichukua muda mrefu, na Bi Olfa hakummalizia hata neno moja.

"Hilo jina unalisukuma kama mlango uliokwama," alisema. "Toa pumzi kidogo kwanza. Halafu gusa sauti ya mwanzo kwa wepesi, na uivute inayofuata."

"Tiii-bra."

"Haya. Likikwama, pumzika, uanze tena. Kukwama si uongo. Kulikimbia neno ndiko kulikokufikisha hapa."

"Hu-huwezi kumpigia Bibi simu wewe?"

"Naweza. Halafu kesho likikukwama jingine, nani atakusemea?"

Jioni Sihem alisimama mbele ya Bibi na mama yake. Akatoa pumzi.

"Chungu ha-hakukichukua Bi Wasila. Alikichukua Tii... T-t..." Akanyamaza, akaanza upya. "Tiiibra."

Mama yake akamkazia macho. "Siku ile ulisema Wasila bila kukwama hata kidogo. Leo unakwamakwama. Tuamini lipi? Wasila amekupa nini?"

Uso ulimwaka moto Sihem. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Alikumbuka ile milango iliyofungwa.

"Nilisema Wasila kwa sababu ni ra-rahisi kutamka," alisema polepole. "Lile jina la kweli li-lilinikwama. Niliona haya."

Bibi aliinuka. Akachukua simu.

"Chungu si kiko jikoni kwangu?" Sauti ya Bi Tibra ilisikika chumba kizima. "Sihem hakukwambia? Ufunguo anao mume wangu dukani. Na mimi nimepata mjukuu, hata hongera hunipi, unauliza chungu."

Bibi na Sihem walikwenda kwa Bi Wasila kabla usiku haujaingia. Alifungua mlango nusu, akamsikiliza Sihem mpaka mwisho.

"Nimesikia," alisema. "Lakini mimi nilivunjiwa jina mbele ya watu. Utayasema hayo hayo mbele yao."

Kesho yake, wanawake walipokusanyika kwenye lango la bustani, Sihem alisema. Alikwama mara nyingi. Jirani mmoja alipotaka kummalizia, Bibi alimzuia kwa mkono.

"Mwache aseme mwenyewe," Bibi alisema. "Aliposema uongo, maneno yalitiririka, sote tukaamini. Aliposema kweli alikwama, tukamshuku. Wewe Sihem, sema neno la kweli hata likichukua mchana kutwa, maana ukilibadilisha kuna mtu ataumia. Na sisi watu wazima tujifunze kungoja. Tungemngoja kidogo tu asubuhi ile, Wasila asingefungiwa mlango na mtu."

Mwenye bustani aliinamisha kichwa, akasogea pembeni ya lango. Bi Wasila akaokota kikapu chake.

"Haya, Sihem," alisema, "njoo unisaidie matawi ya chini. Na unihadithie huyo mjukuu wa Tibra. Sina haraka."