Damu ya Chiriku Kwenye Friza

Baba Chiriku ni fundi friji. Karakana yake imejaa mota, mitungi ya gesi na milango isiyo na friji. Mtaani humtania kwamba hata uji huupooza kwa gesi. Binti yake wanamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Ila maumivu ya ugonjwa wake wa damu, seli mundu, yakimbana, hunyamaza, na nyumba nzima hunyamaza naye.

Jioni moja alizidiwa, ikabidi aongezewe damu. Kabla ya hapo muuguzi alitoa damu yake kidogo, akampa baba kichupa.

"Kesho kipeleke maabara kuu. Watapima alama za chembe zake nyekundu, ili siku zijazo tumpe damu isiyogombana na yake. Leo kiweke kwenye friji."

"Ubaridi? Hapo umefika kwa mwenyewe!"

Akaenda karakana, akakitia kwenye friza kali kuliko zote. Kama ubaridi ni mzuri, barafu si nzuri zaidi? Ndivyo alivyojiambia, masikini.

Asubuhi mtaalamu wa maabara alikiyeyusha kile kichupa, akakiinua kwenye mwanga.

"Baba, uliigandisha damu hii?"

"Mpaka ikawa jiwe!" alijibu kwa fahari.

"Basi chembe zimepasuka. Haya ni maji mekundu tu."

Fundi alikisukuma kichupa kando. "Mtoeni nyingine!"

"Ameshaongezewa damu?"

"Jana usiku."

"Basi sasa ana chembe zake na za watu wengine, zimechanganyika. Huenda tukangoja miezi. Na huenda akahitaji damu kabla ya hapo."

Jamani! Na kosa ni la mkono wa baba mzazi! Mke wake, aliyesimama mlangoni, alijifunika uso kwa viganja.

"Mimi na baridi tumezeeka pamoja," fundi alinong'ona. "Imenifanyia nini leo?"

"Umewahi kusahau soda kwenye friza?" mtaalamu akamuuliza.

"Chupa hupasuka."

"Na chembe ina maji ndani. Damu ya kupimwa karibuni hukaa kwenye friji, isigande. Ya kutunzwa muda mrefu tunaigandisha hapa maabara, lakini kwanza tunaichanganya polepole na gliserini, kimiminika kizito kinachozuia barafu kuzipasua chembe. Siku ya kuiyeyusha, tunaiosha kwa maji maalumu ya chumvi."

Mama akainua kichwa ghafla. "Kabla ya kumwongezea, walimtoa damu nyingine ya kulinganisha na ile ya kumwongezea. Niliona kwa macho yangu!"

Mtaalamu akarukia simu. Damu hiyo bado ilikuwapo hospitalini, kwenye friji.

Fundi aliifuata mwenyewe na kisanduku cha baridi, akaweka kitambaa kati ya kichupa na barafu. Sehemu ikapimwa siku ileile. Iliyobaki ikatiwa gliserini, ikagandishwa.

Miezi ikapita. Chiriku akazidiwa tena, na safari hii damu iliyokuwapo haikupatana na yake. Maabara ilihitaji kupima alama nyingine ambazo hazikupimwa mwanzoni. Wakaziyeyusha zile chembe zilizogandishwa, ambazo hazikuchanganyika na za watu wengine, wakaziosha. Fundi akachungulia kwenye hadubini.

"Nzima!" alipaza sauti. "Ziliganda na bado ni nzima!"

"Na wewe ukiambiwa friji?" mkewe akamuuliza.

"Hata nikiambiwa kapu, nitauliza kapu lipi."

Damu inayomfaa ikapatikana. Ilipoanza kudondoka kwenye mpira, fundi alikaa kando ya kitanda, akashika mkono wa binti yake, wala hakuuachia mpaka ulipopata joto.