Jina Lililofutwa

Kila alipotoka shule, Gladness alipitia studio ya shangazi yake Kokushubila, pale Chang'ombe. Alifagia, akapangusa taa za kupigia picha, kisha akakaa kwenye kompyuta pamoja na rafiki yake Yasmini. Wote walikuwa darasa la saba, wanachama wa klabu ya kompyuta.

Shangazi alikuwa mpigapicha hodari, ila watu wa mbali hawakuzijua kazi zake. Tovuti alikuwa akiitamani, lakini mafundi walimtajia bei iliyomshinda.

"Tutakutengenezea sie, shangazi," Gladness alimwambia.

Walitumia mfumo wa bure wa kutengenezea tovuti. Waliweka kurasa tatu tu na picha ishirini, tena zilizopunguzwa ukubwa ili zifunguke upesi hata kwa mwenye bando dogo la intaneti. Gladness alihangaika wiki tatu mpaka shangazi akaweza kubadilisha picha mwenyewe kwa simu. Chini ya ukurasa waliandika majina yao, Gladness na Yasmini. Neno la siri walilijua wote watatu.

Siku ya maonyesho ya shule, Yasmini alimtangulia Gladness kusimama mbele ya wazazi.

"Tovuti hii nimeibuni mwenyewe," alisema.

Gladness alitazama ukutani, tovuti ilikoonyeshwa. Jina lake halikuwepo. Watu walipiga makofi, naye akajikuta anapiga.

Alipofika studio, alimkuta shangazi anahangaika na simu.

"Neno la siri linakataa, siwezi kuweka picha mpya. Nimemwahidi bibi harusi kuwa leo ndugu zake wa Bukoba wataziona picha zake."

Hapo Gladness akaangua kilio, akasimulia yote. Shangazi alifunga studio, wakarudi shuleni kwa Mwalimu Theonest, msimamizi wa klabu. Yasmini akaitwa.

"Neno la siri nimelibadilisha mimi, mwalimu," alisema akiangalia chini. "Niliogopa Gladness atarudisha jina lake. Nyumbani baba ananiambiaga sina ninachokiweza. Nilitaka leo anione."

"Ungeniambia, Yasmini," Gladness alisema. "Ningekuachia uzungumze peke yako. Mie hata kusimama mbele za watu naogopa. Lakini wewe ukaamua kunifuta!"

Yasmini alichukua karatasi. Alimwandikia shangazi neno jipya la siri, na kabla jua halijatua, picha za harusi zilikuwa zimeshaonekana Bukoba. Asubuhi, mbele ya mstari wa wanafunzi, Yasmini alisema ukweli mwenyewe huku baba yake, aliyeitwa na mwalimu, amesimama pembeni. Majina mawili yakarudishwa.

"Nisamehe," alimwambia Gladness jioni, walipokutana studio.

"Nimekusamehe. Ila bado inaniuma."

Shangazi aliwashika wote wawili mabega. "Acheni iume, itapoa. Yasmini, kazi ilikuwa yenu wawili, na nusu yako ilikutosha kukupa heshima. Ulipoitaka yote, ukabaki huna hata hiyo nusu. Heshima utaijenga upya kwa kusema kweli, na itakuchukua muda mrefu kuliko kujenga tovuti."