Doa Chini ya Chaki

Zamani za Warumi, katika mji wa Nola, Satria aliamka kila siku alfajiri akaingia birikani kukanyaga nguo za watu katika maji yaliyochanganywa na mkojo, ndiyo sabuni ya siku hizo. Baba yake, Satrius, alikuwa dobi. Harufu hawakuisikia tena. Pua zilikwisha kuzoea.

Asubuhi moja palikuwa na joho la Herennius, aliyekuwa akiomba kura za udiwani. Mwomba kura sharti avae joho lililopakwa chaki mpaka liumize macho. Weupe huo unaong'aa, kwa Kilatini chao, ni "candidus", na mwenye kuvaa joho hilo aliitwa "candidatus". Waingereza wakalichukua neno hilo wakasema "candidate". Sisi tunasema mgombea.

Satria alikuwa ametoka kusuuza kanzu mpya nyekundu, na hakunawa. Alipolishika joho, alama nyekundu za vidole vinne zikabaki begani. Akachota chaki, akasugua, akasugua tena, hata doa likafichika.

Herennius akaja, akavaa, akajigeuza. "Satrius, leo hata mbuzi watanipigia kura!"

"Mbuzi wako, bwana, au wa mpinzani wako?" Wakacheka.

Satria hakucheka. Alikaa, akainuka, akachungulia mlangoni, akakaa tena. Kule sokoni watu watamkumbatia Herennius, watampiga begani, chaki itapukutika. Mji mzima utamzomea. Nani ataleta tena nguo kwa baba?

Herennius alikuwa amekwisha kuvuka barabara. Satria akatoka mbio, miguu mitupu.

"Bwana, rudi! Begani kuna doa. Nimelitia mimi, nikalifunika."

Herennius akapangusa bega, wekundu ukatokeza. "Ungenivua nguo mbele ya watu, wewe mtoto!" Lakini akarudi.

Baba alilifua joho upya, akalifukiza moshi wa salfa ung'arishao nguo, akalianika juani, ndipo akalipaka chaki. Herennius akangoja akiwa na kanzu ya ndani tu, akitafuna mkate na zeituni. Wapita njia waliingia kumtania. Naye akawaomba kura papo hapo. Alasiri akashuka sokoni, joho jeupe kwelikweli.

Ndipo baba akamgeukia Satria.

"Binti yangu, chaki hung'arisha nguo iliyokwisha kufuliwa. Haifui. Ukikosea, niambie doa lingali bichi. Leo ulichelewa, lakini ulikimbia bila kutumwa, na kwa hilo bado nina mteja."