Komunike Ambayo Fanny Hakuifungua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Fanny alifagia kiwanja, akawasha makaa, akampelekea bibi yake maji ya uvuguvugu ya kunawa uso. Kisha alikaa kwenye kigoda na kumsomea simu. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomchosha kuliko zote.

Bibi yake, Koko Godelive, alikuwa shefu wa avenyu yao, mkuu wa mtaa, kule chini, upande wa bondeni mwa mji wa Bunia, mwaka wa kumi na moja sasa. Zamani ofisi ya kartiye, ile ya kata, ilimtuma mtu na komunike, karatasi ya tangazo yenye muhuri. Koko alijifunga kitenge chake cha kijani, akapuliza firimbi mlango kwa mlango, na watu wakatoka hata kama mikono ilikuwa na unga wa muhogo. Siku hizi karatasi haiji. Inapigwa picha kule kule ofisini na kutumwa katika kundi la WhatsApp la mashefu, basi. Macho ya Koko yalikuwa yameingia utando mweupe, na komunike ziliandikwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo Fanny, wa darasa la sita, ndiye aliyekuwa macho yake. Alichosoma Fanny ndicho Koko alichotangaza, na alichotangaza Koko ndicho avenyu nzima ilichofuata.

Jumatano moja, baada ya masomo, Fanny na rafiki yake Arielle walikaa nyuma ya jiko wakitazama video za dansi katika simu ya Koko. Walicheka mpaka mbavu zikauma. Mega zote za intaneti zikaisha.

Kesho yake picha ya komunike ikaingia, lakini haikufunguka. Ilibaki kama kitu kilichofunikwa na ukungu, na kimshale kidogo katikati. Muhuri wa zambarau ulionekana kwa mbali pembeni, mistari haikusomeka.

"Wanasema nini?" Koko aliuliza, huku akitafuta kandambili kwa vidole vya miguu.

Fanny alifikiri haraka. Akisema mega zimeisha, ataulizwa ni nani aliyezila. Na komunike za Alhamisi, wiki nenda wiki rudi, zilikuwa za salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha barabara na mitaro.

"Ni salongo, Koko. Siku ya posho, saa moja."

"Umesoma yote?"

"Yote, Koko."

Koko akachukua firimbi yake msumarini, akatoka.

Jumamosi, siku hiyo ya posho, saa moja, watu wa avenyu walikuwa mtaroni na majembe na makoleo. Mvua za wiki ile zilikuwa zimeujaza matope meusi yenye harufu. Ajabu ni kwamba avenyu za jirani zilikuwa kimya. Mama mmoja wa avenyu za juu akapita na bidoni ya njano ya maji kichwani, akasimama, akacheka.

"Yee! Ninyi munafanya salongo ya nani? Leo salongo haiko!"

"Haiko namna gani?" Koko akasema. "Komunike ilikuja."

"Komunike ilisema tusichote maji ya chemchemi, Mama Shefu! Mvua imeingiza uchafu wa vyoo ndani. Tangu juzi siye tunapanda mpaka bomba la parokia. Weye haukusoma?"

Majembe yakatulia. Tangu Alhamisi hakuna nyumba ya avenyu ile ambayo haikuwa imechota pale chemchemini. Koko akageuza uso polepole upande wa Fanny. Fanny akatazama miguu yake iliyojaa matope.

Hapo ndipo mlango wa Mama Ornella, jirani yao, ulipofunguka. Alikuwa na Caleb mgongoni, mtoto wa miaka miwili. Kichwa cha mtoto kilining'inia kama ua lililokosa maji.

"Mutoto anatapika na kuhara tangu alfajiri," alisema. "Sasa hata kulia halii tena. Munisaidie!"

Kijana mmoja akawasha pikipiki, akawabeba mpaka kituo cha afya. Koko na Fanny wakafuata kwa miguu.

Kituoni, muuguzi Emery alikuwa akitafuta mshipa katika mkono wa Caleb. Alichoma mara moja, mara mbili. Mara ya tatu maji ya dripu yakaanza kushuka.

"Mama, mulichota maji wapi?" aliuliza. "Katazo lilitoka Alhamisi."

Mama Ornella akamtazama Koko. "Shefu wetu alituambia ni salongo."

"Ni kweli," Koko akajibu kwa sauti ndogo. "Ni mimi nilitangaza. Munilaumu mimi."

Fanny angeweza kunyamaza; kwamba yeye ndiye aliyesoma, walijua wao wawili tu. Lakini jicho la Caleb lilikuwa limebaki nusu wazi, kavu, likimtazama.

"Si Koko," alisema, na machozi yakamshinda. "Picha haikufunguka. Nilimaliza mega kwa video. Nikabahatisha. Mama Ornella, ni mimi."

Mama Ornella hakumgombeza. Aligeuka, akaendelea kumpepea mtoto wake kwa pindo la kitenge.

Nje, Koko alimkalisha Fanny ukutani.

"Sikiliza, mujukuu wangu. Ungesema 'sijui', ningevaa viatu niende ofisini kuuliza. Ni mwendo wa nusu saa tu. Mega zinanunuliwa tena. Lakini neno la kweli likipitwa na saa yake, hakuna duka linaliuza. Siku hizi habari ya serikali inakuja mbio, lakini mwisho wa njia iko mutu. Mutu huyo akidanganya, mbio zote ni bure. Simama sasa. Tuko na kazi."

Katika jua lile lile la mchana walipita nyumba zote kumi na tisa. Koko alipuliza firimbi, na Fanny ndiye aliyesema: maji ya chemchemi msinywe, niliwadanganya, nisameheni. Baadhi walimhurumia. Mzee mmoja alifunga mlango kabla hajamaliza. Watu wawili wengine walikuwa wameanza kuhara; walipelekwa kituoni mapema.

Caleb alitoka siku ya nne, mwepesi kama kapu tupu, lakini hai. Chemchemi ilitiwa dawa. Hata hivyo Mama Ornella hakumwita tena Fanny waende pamoja kuchota, kama alivyozoea.

Alhamisi iliyofuata, picha nyingine iliingia. Safari hii ilifunguka. Fanny alimsomea Koko tarehe, kila mstari, mpaka jina la aliyetia sahihi. Ilikuwa salongo tu. Akaenda kubisha hodi kwa Mama Ornella, akasema ujumbe wake.

Mama Ornella alisimama kizingitini.

"Umesoma yote?"

"Yote, mama. Mara mbili."

Mama Ornella akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Mlango aliuacha wazi kidogo.