Mdomo wa Mshenga

Haya sikusimuliwa. Yamemkuta kaka yangu Khalfani, hapa hapa Tangini, nikiona.

Nilikuwa nachambua mchicha. Khalfani alikuwa anamwonyesha rafiki yake Pazi kompyuta ya mezani, kioo cheusi chenye maandishi meupe tu. Humo ndimo alimokuwa akichati na mchumba wake, Mwanamvua wa Masaki, Kisarawe. Akiwa kazini Dar, anaandika amri moja kwenye simu, kompyuta huku nyumbani inatuma ujumbe kwa jina lake.

Pazi ndiye mshenga wetu. Khalfani akampa na nywila.

"Wewe ndiye mdomo wangu ukweni. Nikibanwa, nijibie."

Jamani! Mshenga unampa maneno ya kupeleka, humpi mdomo mzima.

Jumamosi moja tumekaa sebuleni, maandishi yakajiandika kwenye kioo. Hakuna aliyegusa kitu.

"Sikutaki tena, Mwanamvua."

Khalfani akampigia Pazi.

"Majini hayo, ndugu yangu," Pazi akasema. "Kasomewe."

Mwanamvua hakupokea simu tena. Mwezi haujaisha, tukasikia Pazi kajiposea mwenyewe, na kakubaliwa. Ndipo tukaikumbuka ile nywila. Kaka yangu alilia kama mtoto. "Nilimwita ndugu," akawa anarudia. Akachomoa waya ukutani, akaifunika kompyuta kwa kanga. Mimi nilimlaani Pazi kwa sauti, wala sijutii.

Siku ya ndoa yao, saa za adhuhuri, kanga ikawaka kwa ndani.

Nikaifunua. Waya uko sakafuni. Kioo kinaandika.

"Sikutaki tena, Mwanamvua."

Khalfani alikuwa mlangoni, mikono kichwani. Simu yangu ikaita. Shangazi Ashura, jirani wa kina Mwanamvua kule Masaki. Ananong'ona.

"Maulida, kuna nini huko? Sheikh kamuuliza Pazi kama amekubali. Kajibu, 'Sikutaki tena, Mwanamvua.' Kaulizwa tena, hivyo hivyo. Anajiziba mdomo kwa mikono miwili. Machozi yanamtoka. Maneno hayakomi."

Ndoa ikavunjika palepale. Tangu siku hiyo Pazi hana neno lingine. Akiomba maji ni hilo. Akiita mtu ni hilo.

Jana mama yake, habari za kioo zimeshamfikia, kaja kwetu, kapiga magoti mbele ya kaka yangu, mtu mzima yule.

"Khalfani mwanangu, mwandikie neno lingine. Hata shikamoo tu, aniamkie."

Khalfani akakaa mbele ya kioo. Mpaka sasa amekaa, hajaandika. Chini ya maneno yale kimstari cheupe kinawaka na kuzima, kinasubiri. Waya bado uko sakafuni.