Upepo wa Tairi Nne

Jua lilikuwa likizama Kithaka alipotoka Kianjokoma kwa pikapu yake, na magunia mawili ya mbegu za viazi, akimpelekea mama mkwe wake, Njura, kule juu karibu na msitu. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu saa nane. Kwenye kona ya mikaratusi pikapu ikaanza kuteleza. Akasimama.

Mahali penyewe alipajua. Mwaka uliopita alikuwa akiteremka hapo na mkewe Ednah, ameshikwa na uchungu wa kuzaa. "Punguza upepo, Kithaka," Ednah alimsihi. "Tairi laini zitashika tope." Yeye akakataa. Akizilegeza, atazijaza wapi kabla ya kufika Embu mjini? Akaziacha ngumu, kipimo cha upepo kikisoma arobaini na tano. Pikapu ikatumbukia mtaroni. Watu walipokuja kuivuta, Ednah alikuwa ameshakata roho. Walimzika na mtoto tumboni.

Safari hii Kithaka hakubishana na tope. Akachutama kwenye tairi ya mbele, akabonyeza valvu. Psss... Akapima. Ishirini. Akainuka kuiendea ya pili.

Psss...

Sauti ilitoka nyuma ya gari.

Akaganda. Harufu ya tope bichi ikampiga puani, na ndani yake harufu ya maziwa ya mama...

Psss... Sasa upande wa pili.

"Nani?"

Kisha mnong'ono:

"Hata hii ni ngumu, Kithaka."

Akajikokota hadi nyuma. Mwanamke alikuwa amechutama kando ya gurudumu, amempa mgongo. Mgongoni amefunga kitoto kwa leso.

Kitoto kikapiga chafya.

"Ednah... nisamehe."

Hakugeuka. "Sasa itapita," alisema. "Nenda polepole."

Kithaka akanyoosha mkono. Akashika mvua.

Alipima tairi zote. Ishirini, zote nne. Naye alikuwa amegusa moja tu.

Pikapu ilipanda kona ile bila kuteleza hata kidogo, na Kithaka alilia kwa sauti njia nzima.

Alipofika, alimsimulia Njura yote.

"Si wewe wa kwanza," alisema. "Dereva wa maziwa alikuta zake zimelegea palepale. Watu wanasema ni uchawi. Mimi nimenyamaza tu." Akavuta kitambaa chake kichwani. "Lakini hakuna aliyeona mtoto... Ni wa kike au wa kiume?"

"Sikumwona uso, mama."

Kesho yake jioni Njura aliteremka peke yake hadi konani, amebeba blanketi dogo jipya. Alirudi giza likiingia, mikono mitupu, akalala na viatu vyake vyenye tope, amegeukia ukuta.

Asubuhi Kithaka alilitafuta blanketi lile mtaroni na vichakani. Hakulipata. Na kwenye tope lote hapakuwa na nyayo za mtu, ila za Njura.